Mfuko wa Maji Kifuani

Mimi mapafu sinunui. Nyama nakula, matumbo nakula, kichwa cha mbuzi hata ukinipa na macho yake nitakula, lakini mapafu hapana. Juzi nilikuwa kwenye bucha hapa Kitengela nikingoja mbavu zangu, na kijana wa bucha akapasua pafu la kondoo pale mezani. Kitu cheupe kikateleza kutoka ndani, laini, kimejaa maji, saizi ya yai la bata. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Woi! Na hiyo ni nini sasa?" Kijana akacheka, akakibeba kwa ncha ya kisu, akawarushia mbwa waliokuwa wakizurura nje. Nikajikuta nimeshika ubavu wangu wa kulia. Nilitoka bila nyama, na nyumbani siku hiyo walikula sukuma wiki wakininung'unikia.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka huku kulivyokuwa. Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara, na vumbi lililoingia mpaka ndani ya chai. Sisi tulikaa ng'ambo ya Kisaju, ndani kidogo, ambako pundamilia walikunywa maji pamoja na ng'ombe wetu na hakuna aliyeshangaa. Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu, alikuwa na kondoo wengi kuliko ng'ombe, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuchunga wana-kondoo pamoja na mbwa wetu Bosco. Huyo mbwa nilimpenda kuliko ndugu zangu, na sioni haya kusema. Chapati yangu alikuwa anauma yeye, nauma mimi. Akinilamba uso nilifunga macho nikacheka. Hakuna mtu aliyeniambia acha, kwa sababu hakuna mtu aliyejua.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kavu, cha kuudhi. Yeyo, mama yangu, alinichemshia kila mzizi aliojua na mingine aliyoelekezwa na majirani. Zahanati walinipa dawa ya chupa, halafu wakasema labda ni kifua kikuu, nikameza vidonge mpaka mkojo ukageuka rangi. Wapi! Kikohozi kikakaa tu, na upande wa kulia ukaanza kuniuma kila nikivuta pumzi. Halafu siku moja, nikiwa na wana-kondoo wangu, nilikohoa kwenye kiganja nikaona damu. Nikaipangusa kwa nyasi, nikamwambia Bosco asiseme. Lakini Yeyo aliiona kwenye mkono wa sweta yangu ya shule, na kesho yake Papa akanipeleka Kajiado.

Daktari wa huko alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya upole. Aliishika picha yangu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikaangalia kifua changu kwa mara ya kwanza maishani. Upande mmoja ulikuwa mweusi kama kawaida. Upande wa pili kulikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, kikubwa kama ngumi ya Papa.

"Mzee," daktari akauliza, "mko na mbwa nyumbani?"

"Tutakosa aje mbwa na tuko na kondoo?"

"Na ukichinja kondoo upate mapafu iko na mifuko ya maji, unafanya nini na hiyo mapafu?"

Papa akachangamka. Hapo aliulizwa kitu anachokijua. "Ah, hiyo naijua sana! Hiyo nakata, natupia mbwa. Sasa nitatupia nani?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza Papa taratibu, bila kumdharau, kwamba mbwa akila ule mfuko anapata minyoo tumboni, na minyoo inataga mayai, na mayai yanatoka na choo yake, yanashika kwa manyoya, yanashika kwa mikono ya mtoto anayecheza naye, na mtoto anakula. "Halafu mtoto naye anamea mfuko kwa mapafu," akasema. "Sawasawa na kondoo."

"Lakini kondoo hafi na hiyo kitu," Papa akasema. "Ananona tu."

"Kondoo unachinja mapema, mzee. Huyu mtoto huwezi kuchinja. Kwake itazidi tu kukua."

Akasema kuna daktari mpasuaji wa vifua ambaye huja kwenye hospitali ya misheni kila mwisho wa mwezi, na kwamba huyo ndiye angefungua kifua changu autoe huo mfuko. Mpaka siku hiyo nisikimbie, nisianguke, nisipigwe kifuani, nisibebe hata mtungi. Akapunguza sauti. "Ikipasuka ndani, mzee, anaweza kufa kabla hujamfikisha barabarani." Walidhani sielewi, kwa sababu sisi kwetu tuliongea Kimaasai. Kumbe mimi darasani nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili.

Sasa hebu nieleze nilivyokuwa nikifikiri, maana watu wazima hawakuniuliza. Ile mifuko niliijua. Tangu nianze kutembea nilikuwa nimesimama karibu na Papa akifungua kondoo, na nimeiona mikubwa kwa midogo, mmoja mmoja na mingine imeshikana. Na kila mfuko niliouona katika maisha yangu, mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Ndiyo njia pekee ya kuuona. Unaua, unafungua, unakata, unatupa. Sikuwahi kuona kondoo aliyetolewa mfuko halafu akainuka akaenda malishoni. Kwa hivyo daktari aliposema nitafunguliwa kifua, mimi sikuwa na swali. Nilijua kinachofuata.

Zile wiki za kungoja nilikuwa na hofu mbili, na zilipigana. Usiku niliogopa mfuko utapasuka, kwa hivyo nililala chali, mikono juu ya kifua, bila kujigeuza. Mchana niliogopa mwisho wa mwezi. Nikitaka kukohoa nilijibana mpaka machozi yakatoka. Dada zangu walikatazwa kunichekesha, wakawa wakiniona wanakaza nyuso, na nyumba yetu ambayo ilikuwa na kelele za kila aina ikanyamaza. Shule niliachishwa. Bosco alifungwa kamba mbali, akawa analia akinitazama, na mimi sikuona kosa lake, maana alikula alichotupiwa. Yeyo alikuwa akinishika mkono kwenda chooni. Mkono wake ulikuwa unatoka jasho, na hilo liliniogopesha kuliko maneno ya daktari.

Siku moja kabla ya kwenda, Papa alichagua dume la kondoo lililonona. Kwetu mgonjwa haendi safari kubwa hivi hivi. Huchinjiwa, akanyweshwa mafuta na supu ya mizizi ili damu ishike nguvu. Lilikuwa jambo la upendo, na dume lile lilikuwa zuri kuliko yote, hata baba mdogo aliguna alipoona ni lipi. Lakini Papa alikuwa na wazo lingine pia. Aliona nilivyokondeana kwa woga, akafikiri woga wangu ni wa kutojua. Akaniita nije karibu nione.

Kwa msiojua, sisi kondoo wa nyumbani hatukumkata shingo. Analazwa juu ya majani mabichi, mmoja anashika miguu, na mwingine anamziba pua na mdomo kwa mkono mpaka pumzi iishe. Ni kazi ya kimya na inataka mtu mtulivu. Baba mdogo alishika miguu. Papa alipiga goti kichwani, akaweka ule mkono wake mpana juu ya pua, na mwingine chini ya taya, akawa anaongea na dume kwa sauti ya chini jinsi alivyoongea na sisi tukiwa na homa. Miguu ilirusha, ikarusha tena, halafu ikalegea. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo maisha yangu yote na haikuwahi kunisumbua. Siku hiyo nilihesabu pumzi zangu mwenyewe mpaka kizunguzungu kikanishika.

Akafungua kifua. Akatoa mapafu, akayapapasa, akatabasamu kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Njoo, entito ai," akaniambia, mtoto wangu wa kike. "Ona. Ndiyo hii tu. Si kitu ya kuogopa." Mfuko ulikuwa umekaa pale kwenye pafu, mweupe, unang'aa. Akaukata, akauweka kiganjani mwake, ukatikisika. Bosco alikuwa anaruka kwenye kamba yake akidai haki yake ya siku zote. Papa akasimama pale na mfuko mkononi, akamwangalia mbwa, akaangalia ardhi. Kisha akachukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba shimo.

Jamani! Sisi shimo hatukuwa tukichimba ovyo. Shimo pekee nililowahi kuona likichimbwa nyumbani kwetu lilikuwa la nyanya yangu. Na hili Papa alilichimba refu, fisi asifukue, anachimba na kutoa jasho kwa ajili ya kipande cha pafu. Mimi nikaona anajifunza. Nikaona wananifanyia mazoezi. Yeyo aliponiletea mafuta kwenye kikombe nilikunywa yote, kwa sababu niliona ni vibaya kumkatalia siku ya mwisho.

Tulienda kwa pikapu ya jirani anayebeba maziwa, mimi katikati, blanketi kila upande, Papa akimwambia dereva pole pole kwenye kila tuta mpaka yule bwana akauliza kama amebeba mtoto ama glasi. Hakuna aliyecheka. Hospitali ilinuka sabuni kali na uji. Nikalazwa, nikapimwa, nikakatazwa kula, na asubuhi wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu, Yeyo akitembea kando yangu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hapo akasimamishwa. Papa alikuwa ukutani na shuka yake nyekundu, fimbo mkononi. Nilimwangalia. Sikulia. Niliogopa kulia kutapasua mfuko.

Ndani palikuwa na baridi, na taa kubwa juu. Daktari mpasuaji alikuwa ananawa mikono akinipa mgongo. Mama mmoja mnene mwenye uso mkunjufu akaja kichwani pangu. Alikuwa wa kutoka Bungoma, amepanga nyumba Kitengela, wote walimwita Mama Nekesa, na kazi yake ilikuwa dawa ya usingizi. "Takwenya," akanisalimia, kwa Kimaasai cha kuombaomba. "Iko," nikajibu, kwa sababu adabu ni adabu hata ukifa. Akafurahi. Akaniambia atanipa dawa ya kulala, nikiamka kila kitu kitakuwa kimekwisha. Halafu akachukua kitu cheusi cha mpira, kimetengenezwa sawasawa na pua na mdomo wa mtu, na mtu mwingine akanishika miguu.

Nakuambia nilipigana. Niliuma. Nilipiga teke mtu aliyeshika miguu, nikasikia akisema "uuu!" Nikapiga mayowe kwa Kimaasai, wananiua, wananiziba pumzi, Yeyo wananiziba. Ule woga siwezi kuueleza hata leo. Ulikuwa na ladha, kama kulamba chuma. Nikaanza kukohoa na kifua kikanichoma ubavuni, na daktari mpasuaji akageuka na mikono yake yenye povu.

"Asipige hivyo! Hiyo kitu itapasuka! Mama Nekesa, mshike!"

"Nikimshika ndio itapasuka," Mama Nekesa akasema. Akaondoa kile kitu usoni mwangu. Alikuwa anahema kama mimi. "Anasema nini? Hapa nani anajua Kimaasai?"

Hakuna aliyejua. Akatoka mwenyewe, akarudi na Papa.

Walikuwa wamemvalisha gauni la kijani juu ya shuka, na kofia ya kitambaa, na mahali pengine ningecheka mpaka nianguke. Akauliza kwa Kimaasai, mtoto wangu, ni nini? Nikamwonyesha kile kitu cheusi, na yule mtu wa miguuni. Sikuhitaji kueleza. Papa alitazama miguu yangu, akatazama kichwani palipokaa kiti cha Mama Nekesa, na nikaona uso wake ukibadilika. Aliona nilichoona. Mtu aliyewahi kumfukuza simba kwa kelele na fimbo, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, polepole. "Hiyo inafunga pumzi?"

"Hapana, mzee. Hiyo inampa pumzi. Pumzi na usingizi."

"Mimi sijaelewa."

Mama Nekesa hakubishana. Akafungua kitu kwenye mashine, akageuza kile kimpira, akakiweka juu ya pua na mdomo wa Papa. "Vuta," akamwambia. Papa akafunga macho. Nilijua anaamini anaweza kufa, na akavuta. Akavuta tena. Akafungua macho, akaniambia, "Ni upepo. Ni upepo tu, una harufu ya gurudumu."

Daktari mpasuaji akasema muda unakwenda. Mama Nekesa akamwambia Papa, "Basi mshikie wewe. Mimi nitakuwa juu ya mkono yako." Yule wa miguuni aliambiwa aachilie. Papa akapiga goti kichwani pangu. Akaweka mkono wake mmoja chini ya taya yangu, na ule mwingine, ule mpana, akauleta juu ya pua yangu na mdomo pamoja na kile kimpira, na mkono wa Mama Nekesa juu yake. Akaanza kuongea na mimi kwa sauti ya chini. Sauti ile ile.

Watu huniambia watoto husahau. Nani aliwaambia? Mimi sikuamini ule upepo. Niliamini Papa wangu ananiua. Niliamini ameitwa kwa sababu wale wengine hawajui kuifanya kazi vizuri na yeye anaijua. Na nikaacha kupigana. Hilo ndilo jambo linalonitoa machozi hata nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Nilifikiri, kama ni Papa, basi kuna sababu, na afadhali yeye kuliko mgeni. Nikalegeza miguu ili nisimsumbue. Harufu ya mpira ikaja, halafu utamu mbaya, halafu sikujua tena.

Niliamka na kiu. Kulikuwa na mpira mrefu ukitoka ubavuni mwangu mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, na kila nikipumua maji yalitoa povu. Maumivu sitayasimulia. Mfuko ulikuwa umetoka mzima, bila kupasuka, daktari alimwambia Yeyo, na Yeyo alinirudia neno hilo mara nyingi akinipangusa uso, mzima, mzima, mpaka nikalala tena.

Papa alikuja kila siku. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi kuanzia asubuhi, na saa ya kuona wagonjwa aliingia wa kwanza. Na mimi kila akiingia nilivuta shuka mpaka puani. Uji nilikunywa kwa mkono wa Yeyo, kwa mkono wa Papa nilifunga mdomo. Akinyoosha mkono anishike kichwa, kama mzee anavyomsalimu mtoto, niligeukia ukutani, na ule mpira ukavuta nikalia. Yeyo alisema ni maumivu tu, ataacha. Papa akasema ndiyo, ni maumivu. Akawa anasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma.

Ili pafu lifunguke vizuri ilibidi nipulize. Manesi walinipa glavu za mpira nizipulize zijae kama puto, na mimi nilikataa kwa sababu inauma. Siku ile Yeyo alikuwa ameenda kununua sabuni. Papa akachukua glavu, akaipulizia yeye, vidole vikasimama vyote vitano kama kiwele cha ng'ombe, na akaniletea usoni akitabasamu. Harufu ile ile ya kile kimpira cheusi! Nikapiga yowe mpaka wodi nzima ikageuka. Papa akairusha chini haraka. Akakaa kitini, akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Tukakaa hivyo. Chupa inatoa povu. Nilimwangalia kwa jicho moja juu ya shuka, na woga ukanichosha, jinsi ambavyo woga humchosha mtoto, nikaona heri niulize tu nijue.

"Papa," nikasema.

"Oi."

"Kwa nini uliacha?"

"Niliacha nini?"

"Kule ndani. Nililegea kabisa, sikukusumbua. Kwa nini hukumaliza?"

 Alinitazama, na nikaona swali langu likimwingia polepole, la juzi na jana na siku zote nilizogeukia ukutani. Kisha akachukua ncha ya shuka yake akafunika uso, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini bila sauti. Sikuwahi kuona mwanamume mzima akilia, sikujua wanafanyaje. Nilidhani nimemkosea. Nikatoa mkono wangu nje ya blanketi, pole pole kwa sababu ya ule mpira, nikamshika goti.

"Basi Papa," nikamwambia. "Sijakasirika."